Sufuria Mbili

Mimi ni mtu wa kushuku. Samaki nitamfunua mashavu hata kama muuzaji ni mjomba wangu. Kwa hiyo mama alipozidi kukonda kwa maradhi ya damu, na dawa anameza kila siku, nilianza na muuza dawa wa Ukunda. Nikaipasua kapsuli moja, nikaikamulia kwenye glasi ya maji. Maji yakageuka meupe kama tui la mwisho, na hadi jioni yalikuwa vile vile. Nikasema, hapa tumeuziwa mafuta matupu.

Asubuhi niliichukua glasi ile na pakiti ya dawa, nikatoka Bodo mpaka Msambweni kwa daktari wa mama. Nilitaka akasirike pamoja nami. Yeye akacheka.

“Dawa ni yenyewe,” akasema. “Imefungwa ndani ya chembe za mafuta, ndogo mno, jicho haliwezi kuziona. Maji hayazifungui. Zinafunguliwa na vimeng’enya vya tumboni, hivi vinavyosaga mafuta ya chakula. Mtu akila mafuta, nyongo na vimeng’enya humiminika, chembe zinamegwa, dawa inaingia mwilini. Asipokula, nyingi inapita ikatoka. Mama yako anakula nini?”

Nilikumbuka sufuria mbili jikoni kwetu. Anayempikia mama ni wifi yangu, mke wa kaka aliyekwenda Uarabuni kuendesha malori na ambaye simu yake imekuwa haipatikani kwa muda mrefu. Kubwa huwa na wali wa nazi, wa kwetu sote. Ndogo, yenye kifuniko, ni ya mama. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikimchukia wifi.

Nilifika nikafunua ile ndogo mbele yake. Uji mweupe wa mchele, hata tone la tui hamna.

“Unamfanyia nini mama yangu?”

“Muulize mwenyewe,” akasema, akaendelea kukuna nazi.

Mama alikuwa kitandani. Nilimwamkia shikamoo, nikamweleza maneno ya daktari, yote. Akanisikiliza mpaka mwisho.

“Msimguse mke wa mwanangu,” akasema. “Ni mimi. Niliweka nadhiri. Nazi wala mafuta hayapiti mdomoni mwangu mpaka mwanangu arudi.”

Hasira ilinipanda, kisha nikaogopa. Nilimwita mwalimu wa madrasa. Akamwambia kwa upole kwamba Mungu hamtaki ajiue kwa nadhiri, alishe maskini iwe kafara, naye ale. Mama alikubali, lakini hakumtazama yeyote usoni.

Ijumaa tukapika, maskini wakala, wakaomba dua. Nikampelekea mama sahani yake ya wali wa nazi na kapsuli. Alitafuna polepole, machozi yakimtoka.

“Sasa atajuaje kwamba namngoja?” akaniuliza.

Nikamshikia kikombe cha maji, akameza dawa.

Nilirudisha sahani jikoni. Sufuria ndogo ilikuwa bado mekoni, imefunikwa. Tabia ni tabia; wifi alikuwa uani, nikaifunua. Uji mweupe, hauna tui, na kando yake kijiko kimoja na bakuli la wifi.

Nikaifunika kama nilivyoikuta.