Kura ya Eufemia na Kiti cha Sita

Shemeji yangu Eufemia alifungasha machungwa kiwandani kwa miaka thelathini na moja, na sasa haruhusiwi kula hata kipande. Figo zimegoma. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi humpeleka kliniki akasafishwe damu, saa nne nzima kwenye mashine, nami humngoja garini nikisikiliza mpira redioni na kulalamika peke yangu. Tangu mumewe, kaka yangu Fidencio, afariki, kazi hiyo ni yangu, na sijamwomba mtu anipokee.

Mwaka ule karatasi ya kura ya jimbo letu ilikuja kwa posta na mapendekezo ya sheria kumi na moja, wananchi tuyapigie Ndiyo au Hapana, na moja lilihusu kliniki kama ile yake. Lilitaka kila kliniki ya figo iwe na daktari muda wote ambao wagonjwa wako kwenye mashine. Ukilisikia hivyo utasema, sasa hilo nalo ni la kuuliza watu? Hata mimi nilisema hivyo. Kisha matangazo yakaanza kumiminika kwenye sanduku la barua. La Ndiyo lilikuwa na daktari wa koti jeupe, la Hapana nalo lilikuwa na daktari wa koti jeupe, wote meno nje. La Ndiyo lilisema bila daktari watu watakufa. La Hapana lilisema gharama zitazifunga kliniki ndogo, na watu watakufa.

Kliniki yetu ni ndogo. Ikifungwa, inayofuata iko mbali, mjini Fresno, na ukungu wa baridi hapa bondeni si wa kuchezea.

Ndani ya kliniki mambo yalikuwa mabaya zaidi. Meneja alivaa fulana ya Hapana. Yadira, fundi anayemchoma Eufemia sindano, alimwinamia na kumnong'oneza, "Piga Ndiyo, mama. Sisi tunaoshinda humu tunaona mambo."

Siku hiyo Eufemia aliingia garini amekunja uso. "Shemeji, mmoja ana ufunguo wa mlango, mwingine ana sindano. Nimuudhi nani?"

"Kura ni siri yako."

"Siri gani? Mimi uso wangu hausitiri kitu."

Na hapo sijataja ndugu. Katika ukoo wetu hakuna anayesoma kile kitabu kinene cha serikali cha kueleza mapendekezo. Kila pendekezo huachiwa anayehusika nalo, wengine wote wanamwigiza. Ya nyumba ni ya Ulises, mwana wa kaka yake Eufemia, kwa kuwa anauza nyumba. Ya shule ni ya mke wa Ulises, mwalimu. La figo likawa la Eufemia bila hata kuulizwa. Jumapili baada ya misa walijaa kwake, watu kumi na wanne, kila mmoja na karatasi yake na kalamu, sufuria ya pozole, supu yetu ya mahindi na nyama, ikichemka.

"Haya shangazi, tupe jibu, njaa inauma," alisema Ulises.

"Sina jibu."

"Wewe si ndiye wa kwenye mashine?"

"Ndiyo maana sina."

Wakacheka, wakadhani anatania. Yeye akanyanyuka akaingia jikoni. Nilipomfuata nilimkuta ameshika ukingo wa sinki kwa mikono miwili, anahema.

"Kura kumi na tano, shemeji. Nikikosea, nimekosea mara kumi na tano. Unamkumbuka mzee Hilario?"

Nilimkumbuka. Alikuwa akikaa kiti cha sita, jirani yake. Asubuhi moja alikuwa anamsimulia Eufemia habari za mbwa wake, kichwa kikaanguka kifuani. Manesi wakakimbia, wakafanya wawezalo, gari la wagonjwa likafika baada ya dakika kumi na moja. Eufemia alizihesabu kwenye saa ya ukutani, damu yake mwenyewe ikiwa nje kwenye mirija ya mashine, hawezi hata kuinuka kumshika mkono.

"Daktari angekuwepo angepona?" aliniuliza.

"Sijui."

"Hakuna anayejua. Nimesoma kitabu chote, mpaka maandishi yale madogo. Hakuna palipoandikwa."

Mimi nami nilikuwa na langu moyoni. Nina miaka sabini na moja, na jicho la kushoto limeingia ukungu wake wenyewe. Fresno mara tatu kwa wiki siiwezi. Sikumwambia. Niliona aibu, na niliogopa, basi.

Akarudi sebuleni, akawatangazia: kila mtu apige yake, na atakayemuuliza tena hafunguliwi mlango. Ulises alinung'unika hadi bakuli la tatu.

Jumanne ilikuwa siku ya mwisho ya kupiga kura. Alitoka kwenye mashine miguu haina nguvu, nikampeleka moja kwa moja kwenye sanduku la kura nje ya maktaba. Kwenye karatasi yake nafasi moja, ile ya figo, bado ilikuwa tupu. Aliweka karatasi juu ya kitabu mapajani, akaikinga kwa kiganja, akakaa hivyo mpaka nikazima injini. Kisha akatia wino haraka haraka, akafunga bahasha, akasaini nje, akateremka mwenyewe kuitumbukiza.

Nilimfuata na bahasha yangu. "Umepiga nini?"

"Anza wewe."

"Nimepiga Hapana," nikasema. "Ili uwe na pa kwenda."

Alinitazama. Nilidhani atanitukana.

"Mimi Ndiyo," akasema. "Ili nikienda niwe narudi."

Bahasha yangu ilikuwa bado mkononi. Ningeweza kuichana palepale, na nilitaka.

"Tumbukiza, shemeji," akasema. "Hiyo ni yako. Mimi nimechoka, nataka nyumbani."

Nikaitumbukiza.

Matokeo yalipotoka, upande wangu ulikuwa umeshinda. Hakunilaumu, alisema tu Alhamisi nisichelewe. Sikuchelewa. Nilimfikisha mlangoni, lakini sikurudi garini. Nilimwomba nesi kiti, nikakiweka kati ya Eufemia na kiti cha sita, ambacho sasa kilikuwa na mama mmoja mgeni.

"Unafanya nini hapa?" Eufemia akaniuliza. "Wewe ni daktari?"

"Si daktari."

Nilikaa saa zote nne, nikiutazama uso wake.