Aliyemchinja Mheshimiwa kwenye Mkonge

Nashon alikuwa amechinja mtu mmoja tu maishani mwake, na mtu huyo aliinuka baadaye, akapangusa rangi nyekundu shingoni, akaomba chai.

Alikuwa mkata mkonge, mzaliwa wa laini za wafanyakazi karibu na Voi, mwana wa mfanyakazi wa reli aliyekuja kutoka Siaya akasahau kurudi. Alikuwa mpole hata kuku alichinjiwa na mkewe, Auma. Lakini Mungu alimpa uso wa kutisha, na watengeneza filamu walipopita shambani wakamchukua awe muuaji. Hadithi yao ilihusu vigogo wanaokula njama kummaliza mwenzao kabla ya uchaguzi. Mheshimiwa wa kumalizwa alikuwa Josephat, mwalimu wa Wundanyi mwenye kitambi cha kufaa bungeni.

Tusidanganyane, filamu ilikuwa mbovu, na la kuvunda halina ubani. Njama ilijikoroga mpaka wala njama wenyewe hawakujua wanamwua nani. Ilipoonyeshwa Voi watu walizomea, mmoja akarusha chupa ya soda, na kabla haijafika nusu ukumbi ulibaki viti. Aliyeumia zaidi ni Josephat. Kwenye filamu alipiga magoti akiwa na chupi tu, akilia kamasi. Basi watu wakawa wanampigia simu kumuuliza kama kidonda cha shingo kimepona. Mwalimu mzima akawa anaogopa simu yake mwenyewe.

Uchaguzi ukafika. Ajenti wa mgombea mmoja akapatikana kando ya barabara ya Taveta, karibu na Mraru, amekatwakatwa kwa mapanga. Watu walichemka. Na mwanaharamu gani sijui akakitoa kile kipande cha filamu cha Nashon akimchinja mtu kwenye mkonge, bila mwanzo wala mwisho, akakisambaza. Uso wa mchinjwa haukuonekana vizuri, watu wakaamini ni yule ajenti. Wa Nashon ulionekana sana.

Walimjia mchana kweupe, akila muhogo na Auma. Rungu la kwanza lilimvunja taya, la pili likamlaza. Wakamburuta uwanjani, wakampiga mateke ya mbavu hadi akatapika damu kwenye vumbi. Alisema ni filamu. Wakamuuliza filamu gani, nani aliyeiona. Auma aliwazungukia majirani mmoja mmoja akiwasihi, na kila mmoja akatazama chini. Nani angekumbuka filamu aliyoikimbia?

Kiongozi wao alikuwa Kituku, binamu wa marehemu. Alikuwa amemwosha ndugu yake kwa mikono yake, na uchungu ulikuwa umemtoa akili, lakini hakuwa amekosa utu wote. Auma alipomwambia kwamba mchinjwa ni mwalimu na namba yake anayo, akawazuia wenzake.

"Kama uliyemchinja yuko hai," akamwambia Nashon, "mimi mwenyewe nitakuinua."

Akapiga, akaweka sauti juu.  Akamuuliza Josephat kama ndiye mheshimiwa aliyechinjwa kwenye mkonge.

 Nyuma ya Josephat walisikika walimu wenzake wakiongea.

"Si mimi," akasema. "Mtanichoka lini nyinyi? Sijawahi kuigiza filamu yoyote."

Akakata. Nashon akaita jina lake kwa taya lile lililovunjika. Kituku akapiga tena, simu ikawa imezimwa.

Jamani, mkuki kwa nguruwe. Waliulaza mkono wake wa kulia juu ya gogo, ule uliochinja, wakaupiga panga. Panga lilikuwa butu. Walirudia, wakarudia, na Auma akilala juu ya mumewe wakamtupa kando kwa nywele. Ilibidi walinzi wa shamba wafyatue risasi hewani ndipo wakatawanyika, mkono ukiwa umebaki pale penye gogo.

Josephat alipata habari, akaja hospitalini na mfuko wa ndizi. Alisimama miguuni pa kitanda akilia, safari hii kweli, akieleza kwamba alidhani ni wale wa kumcheka. Nashon alimsikiliza mpaka mwisho, kwa sababu taya lilikuwa limefungwa na kila neno lilimuuma.

"Mwalimu," akasema polepole, "kazi yako siku ile ilikuwa moja tu. Kusema uko hai."

 Auma akamrudishia mwalimu mfuko wa ndizi, akamfungulia mlango.