Safari ya Chake Chake kumtazama Moti

Bi Hansa alinipigia simu akilia. Tulikua pamoja Tanga, kisha yeye akaolewa Pemba; sasa ni mjane mwenye duka la vitambaa Chake Chake. "Moti hatembei tena, dada. Njoo, nitampoteza." Moti ni mbwa wake, mdogo, mweupe, wa kufugwa ndani, wa aina ile ambayo manyoya yake hayaachi kurefuka. Kazi yangu ni kuwanyoa mbwa kama hao. Nikafunga mkasi na mashine, nikapanda boti.

Kutoka bandari ya Mkoani barabara hupanda na kushuka vilima. Karafuu zilikuwa zimeanikwa mikekani, harufu ikatufuata garini njia nzima. Nilifurahi mpaka nikasahau safari yenyewe ni ya nini.

Chake nilifika mchana. Chai ilikuwa tayari, lakini niliomba kwanza nimwone mgonjwa. Alilala sakafuni kama furushi la pamba chafu. Jirani, Bi Time, alikuwa amesimama mlangoni.

"Mie simgusi, nna udhu wangu," alisema. "Lakini tangu aache kunibwekea asubuhi, roho yangu haijatulia. Atapona?"

"Sijui, Bi. Ngoja nione miguu."

Nilikata taratibu, Bi Hansa akimshika kichwa na kumbembeleza kwa Kigujarati. Chini ya manyoya yaliyosokotana nikakuta kucha zimejipinda. Ukucha mmoja umeingia nyamani. Nilipoukata Moti alilia, kisha akaniramba mkono. Tukamwosha kidonda kwa maji ya chumvi.

Kesho yake, baada ya alasiri, aliinuka mwenyewe. Akachechemea hadi mlangoni, akatazama nje, akabweka, akamkimbilia Bi Time.

"Yaa Rabi! Huko huko!" Bi Time alipandisha miguu barazani, akicheka hadi machozi. Bi Hansa alikaa kizingitini, akimwita Moti kwa Kigujarati.

Siku ya kuondoka nilikuwa na wasiwasi, maana macho ya Bi Hansa yamepungua nguvu. Nikamfundisha kupapasa kila kidole cha Moti kwa mkono. "Na mwendo nitauangalia mie," akasema Bi Time. "Akichechemea tu, napiga ukelele."

Nimerudi Tanga nikijua kuwa mbwa wa manyoya marefu huficha maumivu yake, na jicho peke yake halitoshi. Nimejua pia kuwa Moti ana watu wawili wanaompenda, na mmoja wao hajawahi kumgusa.