Dakika Kumi na Saba za Lusia

Lusia alikimbia kilomita tatu kwa dakika kumi na saba, na hapo ndipo alipogota. Mwezi wa kwanza kumi na saba, mwezi wa tatu kumi na saba ileile. Kampuni ya ulinzi iliyokuwa ikiajiri walinzi wa mgodi ilitaka kumi na sita, tena mwombaji awe hajafikisha miaka thelathini. Yeye alikuwa anafikisha Desemba. Akikosa usaili huu basi tena, abaki kusaga mawe ya dhahabu karashani mpaka uzee umkute hukohuko.

"Mama Nelly, mwili umezoea," mzee Ignas, aliyewahi kufundisha mgambo hapo Rwamgasa, alimwambia Lusia. "Tubadilishe mazoezi."

"Tubadilishe hata leo, baba."

Haya, yakaanza. Jumatatu kupanda kilima mbio, mara kumi. Jumatano kuruka kamba. Ijumaa kuchuchumaa na kusimama na ndoo ya mchanga kichwani. Majirani walicheka weee, eti mama mzima anaruka kamba! Lusia hakuwajibu. Mtaka cha mvunguni si huinama? Naye aliinama kwelikweli.

Kazi hakuacha. Karasha ikisaga, vumbi jeupe hupanda mpaka humwoni mwenzio, lakini Lusia hakuwahi kufunga hata kitambaa puani. Cha nini? Kila jioni alikunywa nusu lita ya maziwa kama wenzake wote, maana maziwa husafisha vumbi kifuani. Ndivyo alivyoambiwa siku ya kwanza, na kwa miaka saba hakukosa jioni hata moja. Mwenye karasha mwenyewe ndiye aliyewanunulia, wakamwona mtu mwema.

Wiki ya tatu ya mazoezi mapya, alikimbia kumi na nane. Wiki ya tano, kumi na tisa na nusu, akapiga magoti mwisho wa njia, anakohoa mpaka machozi yanamtoka. Ignas aliitazama saa yake, akaitikisa, akaitazama tena.

"Ng'wanawane," akasema kwa Kisukuma, kama mtu anayemwita mwanawe wa kumzaa, "nenda hospitali. Tatizo si miguu."

Huko wakampiga picha ya kifua. Daktari, binti mdogo kuliko yeye, aliitazama muda mrefu.

"Unafanya kazi gani, mama?"

"Karashani."

"Vumbi ulikuwa unajikinga nalo vipi?"

"Kwa maziwa, daktari. Kila siku, sijakosa."

Daktari akamgeuzia ile picha. "Maziwa yanakwenda tumboni, mama. Vumbi limeingia kwenye mapafu, limeyakakamaza. Hayatarudi kama zamani. Na karashani usirudi tena."

"Na mbio?"

"Mbio usahau."

Masikini Lusia! Miezi yote ile alikuwa akiutukana mwili wake kwamba ni mvivu. Alilia palepale kitini, kwa sauti, wala hakuona haya.

Siku ya usaili, asubuhi, Ignas alimkuta njiani, kanga kiunoni, anaelekea karashani.

"We Mama Nelly! Si daktari amekukataza?"

"Shikamoo baba. Amenikataza, ila hakuniambia Nelly ale nini."

Mzee akageuza njia. Akatembea naye tu. Kutoka pale hadi karashani hapafiki hata nusu kilomita, na Lusia alisimama kupumzika mara tatu.