Bega la Kushoto

Mwanafunzi wa fundi Lukumani anakaribia miaka thelathini, na cherehani ameanza kuigusa mwaka huu. Mimi nauza vitumbua baraza ya pili, kwa hiyo namwona kutwa. Alikuwa mpagazi tangu ujana, akibeba mizigo ya misafara kwa bega la kushoto. Vita vya Mjerumani na Mwingereza vilipokwisha, mizigo ikapanda gari moshi, na bega lake hilo halikutakiwa tena. Shule hakuiona. Sindano huishika akiwa amebana pumzi, na akikanyaga cherehani huimba nyimbo za safari za wapagazi, mguu ukifuata mwendo. Mshono ukimalizika hujipangusa bega, kama aliyetua mzigo.

Juzi alikata kanzu yake ya kwanza. Lukumani aliitandaza, akaguna. "Bwana we, bega moja pana kuliko jingine! Umempima nani?"

"Nimejipima mwenyewe, fundi," akajibu, mkono juu ya bega la kushoto, penye sugu ya mizigo kubwa kama ngumi. Nikasema moyoni, basi, huyu kesho harudi. Lakini mteja wangu mmoja, mpagazi wa zamani, aliacha kitumbua chake, akanawa mikono, akaiomba kanzu aijaribu. Akainua mkono wa kushoto, akaushusha, akauinua tena.

"Kanzu zote hunibana hapa," alisema. "Katika hii nimepumua."

Leo asubuhi nimekuta baraza ya Lukumani imejaa wanaume wanaongoja kupimwa, wote wameinama kidogo upande wa kushoto. Mwanafunzi anapima huku akiimba, nao wanamwitikia.