Memwari ya Yaya na Mkebe wa Virusi

Wakati ule wa vita kila kitu kilipanda bei Uvira: mafuta, sukari, sabuni, hata salamu za wenye maduka. Lakini kilichopanda mpaka tukacheka kilikuwa nafasi. Sisemi nafasi ya kulala, ingawa nyumbani kwetu Songo tulilala sita mahali pa watatu, na miguu ya mdogo wangu ilikuwa inaamkia usoni mwangu. Nasema nafasi ndani ya diski, kile kisanduku cheusi chenye waya mmoja, ambamo watu wa Mulongwe waliweka nyimbo, filamu, picha za ndoa na karatasi zao zote.

Diski hiyo ilikuwa ya tonton, kaka wa mama. Alikuwa na chumba kimoja mtaa wa Mulongwe, karibu na mto, chenye kompyuta, printa na paneli ya jua juu ya bati. Wanafunzi walikuja kutoa karatasi zao, wengine walikuja kujaziwa nyimbo katika simu. Mimi nilipita pale kila siku nikitoka shule, nikiwa bado na iniformu. Sikuwa nasaidia, nilikuwa nasumbua. Mama alisema ni heri nisumbue mahali panapojulikana.

Zamani diski ikijaa, tonton alivuka mpaka wa Burundi kwenda Bujumbura akanunua nyingine kama mtu anayenunua sabuni. Kisha mpaka ukawa kama mdomo wa mlevi: unafunguka, unafungwa, na hakuna anayejua sababu. Siku moja ulipofunguka alikwenda, akarudi mikono mitupu na uso wa mtu aliyetukaniwa mama. Bei aliyotajiwa ilimfanya aulize kama diski hiyo inauzwa pamoja na nyumba. Mfanyabiashara alimwambia shida si vita peke yake. Huko ng'ambo kuna mashine kubwa zinazofundishwa kusema kama watu, nazo zinameza diski zote. Jambo hilo lilimuuma tonton kuliko bei. Uvira tuko na watu wanaosema mchana kutwa bure, alinung'unika, na huko wanalisha mashine ili iseme.

Akaanza kubana. Kwanza alikata majina yanayopita mwisho wa filamu, maana nani anawajua hao. Kisha akakata mwanzo. Kisha akakata mabusu yote. Mama alimsifu mbele ya watu kwamba analinda adabu ya vijana, kumbe alikuwa analinda nafasi. Nyimbo za kwaya alizibakiza ubeti mmoja mmoja na pambio, na hakuna mwanakwaya aliyegundua.

Mwisho akaanza kupangisha. Mtu anayetaka dosye yake, yaani faili zake, ibaki ndani ya diski alipe, kama mpangaji wa chumba. Wengi walilipa kwa walichokuwa nacho: samaki wa ndagala, mkaa, maembe. Mama mmoja wa Bwegera alikuja na beseni la mchele kichwani, kwa sababu ya video ya ndoa ya binti yake. Tonton akamwambia mchele ni mzuri lakini video ni ndefu, lazima kitu kitoke. Yule mama alifikiri kidogo, akasema hotuba za upande wa bwana zitoke zote, ila ng'ombe wa mahari waachwe, hata yule aliyeketi chini akakataa kuamka.

Kati ya wapangaji, mmoja tu alikuwa halipi: yaya, mkubwa wetu, kaka yangu. Alikuwa anamaliza masomo ya juu, na memwari yake, ile kazi ndefu ya kumalizia shule, ilikuwa juu ya wakulima wa mpunga wa bonde la Ruzizi. Alikuwa amezunguka Bwegera kwa miguu akirekodi sauti zao. Karatasi alizoandikia, mto Mulongwe ulipofurika ulizibeba. Flashi yake alimwazima rafiki, na rafiki alikimbilia Burundi nayo. Wakulima wenyewe, wengi walikuwa wamehama kwa sababu ya masasi, yaani risasi. Hata angepata gari la kurudi, angemuuliza nani? Kwa hiyo memwari yote ilikuwa mahali pamoja duniani, ndani ya diski ya tonton, na ilikuwa nene kuliko filamu tatu.

Siku moja tonton akabandika kartoni mlangoni: *Mupangaji asiyelipa atatolewa Ijumaa.* Akasema tena kwa mdomo, akimwangalia yaya, kwamba ndugu ni ndugu lakini nafasi ni nafasi. Yaya alicheka. Mimi sikucheka, maana namjua tonton. Ni mtu aliyemfukuza mbuzi wake mwenyewe kwa sababu ya kelele.

Hapo ndipo akili yangu, ambayo mwalimu wa hesabu anasema haipo, ilipofanya kazi. Ijumaa yenyewe, kabla hajaanza kutoa wapangaji, tonton alipotoka kidogo, nikafungua diski nikabadilisha jina la dosye ya yaya. Ilikuwa imeandikwa *Memwari*. Nikaandika *VIRUSI USIGUSE*. Nani atagusa virusi? Nilipanga kumwambia yaya jioni, baada ya kumwacha ateseke nusu siku, kwa sababu wiki ile alikuwa amesoma alama zangu za Kifaransa kwa sauti mbele ya wageni.

Jioni ile masasi yakaanza upande wa milima. Sikumwambia yaya kitu. Siku zote tulizofungiwa Songo, tukila ugali bila mboga na kuhesabu milio kama watoto wanaohesabu magari, nilisahau kabisa. Tonton alikuja kukaa nasi. Alikuwa amebeba sufuria yenye kifuniko kilichofungwa kwa kitenge. Bibi alifurahi akidhani ni nyama. Ilikuwa diski.

Mambo yalipotulia, tulishuka Mulongwe tukaukuta mlango wa tonton umelala chini. Wezi walichukua viti vyote, birika, pazia, hata ile kartoni ya wapangaji. Mashine na printa zilipona, kwa sababu tonton alizifukia chini ya magunia ya mkaa. Juu ya rafu kulibaki kitu kimoja tu: mkebe wa maziwa ya unga, na jiwe la mtoni juu ya kifuniko. Ubavuni uliandikwa kwa rangi nyekundu *VIRUSI*. Nilicheka sana. Kwa jinsi magonjwa yanavyotuzunguka huku, mwizi gani atatia mkono humo? Nilicheka, na sikufikiri zaidi.

Wiki iliyofuata shule ya yaya ikafunguliwa. Wakawaambia wanaomaliza kwamba memwari zote zifike Jumamosi. Asiyeleta, mwaka mwingine. Yaya alikuwa ameshapoteza miwili kwa sababu ya vita. Alikimbia kwa tonton asubuhi, nikamfuata nipate kumcheka kidogo kabla ya kumwambia ukweli. Alifungua diski. Akapanda juu, akashuka chini. Nami nikaangalia juu ya bega lake, nikitafuta lile jina langu zuri.

Halikuwapo.

Nikapitia majina yote tena, moja moja. Yaya aligeuka, akasema polepole, "Tonton, memwari yangu imepotea."

Tonton alikuwa anafunga waya wa printa. Hakuinua hata kichwa. "Njo unatetemeka juu ya hiyo? Nitakupa memwari ingine. Niko nazo mingi mu mukebe."

"Tonton, nimeiandika miaka mbili."

"Hata ingekuwa ya miaka kumi. Yenye kuzeeka inatupwaka."

Ilinichukua muda kuelewa. Kwetu memwari ni mbili: kuna ile ya kumalizia shule, na kuna kadi ndogo kama ukucha unayoingiza katika simu. Yaya analilia mpunga wa Bwegera, tonton anadhani analilia simu. Tonton, kwa huruma kabisa, akatoa jiwe juu ya mkebe na kumimina kadi zake mezani kama mtu anayechambua maharagwe. Akasema achague anayotaka. Kisha kidole chake kikasimama juu ya moja yenye alama nyekundu.

"Ila hii hapana. Hii iko na virusi."

Nikauliza virusi gani. Akaeleza. Ijumaa ile, kabla ya masasi, alipokuwa akitoa wapangaji, alikuta virusi kubwa ndani ya diski, haijawahi kuonekana, tena yenye kiburi, imejiandika jina. Akaihamisha yote katika kadi hii na kuifunga.

"Hukuifuta?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama anakula mawe. "Virusi haifutwe. Ukiifuta inakimbilia kwa jirani. Mwizi unamufunga. Hii mukebe njo kasho yake."

Sijui huko duniani wataalamu wanasema nini. Sitaki kujua. Tonton alikuwa anaweka virusi mahabusu, katika mkebe wa maziwa, na jiwe juu, na mimi nilitaka kumbusu, jambo ambalo angelikata.

Lakini ilibidi niseme. Yaya alikuwa ameketi chini, kwa kuwa viti viliibwa, kichwa kati ya magoti. Ningeweza kusema nimeota. Nilifikiria kweli. Kisha nikasema, "Tonton, ile virusi njo minye niliiandika. Ndani ni memwari ya yaya. Nilibadilisha jina ili usiitoe."

Yaya aliinua kichwa. Hakupiga, hakutukana. Alisema tu, "Weye." Afadhali angenipiga.

Shida ikawa tonton. Alikunja mikono akasema kila virusi hujisema ni ndugu ya mtu. Hataingiza kitu kile katika mashine yake kwa neno la mtoto ambaye mwaka jana alimwuzia betri tupu. Yaya akaanza kubembeleza. Alimwita tonton, akamwita baba, karibu amwite monsinyoo kama askofu. Mwisho tonton alikubali kwa masharti. Alichomoa diski, akairudisha katika sufuria, akafunga kifuniko kwa kitenge, akaipeleka sufuria kwa jirani. Ndipo akarudi akiwa ameshika kadi kwa ncha za vidole.

Mashine haikuisoma. Akajaribu tena, haikuisoma. Yaya alikuwa anaomba kwa Kilatini alichojifunza kwa mapadri. Nikachukua kadi, nikaifuta kwa upindo wa sketi yangu ya shule, nikaipuliza, nikaiingiza mwenyewe. Mashine ikafikiri. Ikafikiri kama inalipwa kwa saa. Kisha dosye ikafunguka: sura ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, picha, sauti.

Yaya hakwenda kwenye sura. Alifungua sauti moja. Mzee wa kike akasema kwa Kirundi namna ya kugawana maji ya shamba bila kupigana, na nyuma yake jogoo akawa anamkatiza, naye anamwambia anyamaze, anasema na mwanafunzi. Tulisikiliza wote watatu mpaka mwisho, ingawa Jumamosi ilikuwa inakuja. Nilipumua mpaka kifungo cha blauzi kikakatika. Huo ni uongo, kilikatika zamani, lakini kupumua nilipumua.

Wino ulikuwa unaisha, kwa hiyo hitimisho lilitoka la rangi ya buluu hafifu. Mwalimu mmoja aliuliza sababu, yaya akajibu ni vita, hawakuuliza tena. Alipita. Katika ukurasa wa shukrani kuna Mungu, wazazi, tonton, wakulima wa Bwegera, na mwisho kabisa, kwa kalamu, ameandika: *na virusi ya nyumbani*. Nimeusoma ukurasa ule mara nyingi kuliko kitabu chochote cha shule.

Bei ya diski haikushuka. Lakini habari ilishuka kwa haraka kutoka Mulongwe hadi bondeni: kuna mkebe ambao wezi waliuona wakauogopa. Watu wakaanza kuleta kadi zao za zamani na kuomba alama nyekundu. Yule mama wa Bwegera mwenye video ya ndoa alikuja na mchele wake, akamkuta tonton anabandika kartoni mpya, akatua beseni chini.

"Minasikia uko na kasho," alisema. "Nifungiye na ng'ombe zangu."