Makoti Yaliyokaa Vizuri Mno

Mwaka wa 1966, nikiwa na miaka kumi na moja, baba alifariki na mimi nikatolewa darasa la tatu. Mjomba alinipeleka mjini kwa fundi mmoja Mhindi. Miaka miwili nilikuwa naokota pini sakafuni kabla sijaruhusiwa kushika mkasi. Sikusoma, nasema wazi. Lakini mtu akisimama mbele yangu najua kifua chake ni inchi ngapi kabla sijatoa tepu.

Mwaka wa 2004 nilikuwa na chumba changu cha kushonea River Road, katikati ya mji, ghorofa ya pili. Mlango wa pili alikuwa mwanamke kijana aliyetoka chuo cha ushonaji. Pale ukutani mimi nilipotundika kioo, yeye alitundika cheti. Nilisikia viatu vya wateja vikipita kwangu bila kusimama, na vingine nilivijua.

Basi akaja Mzungu mmoja mzee kutoka Karen, nje kidogo ya mji. Yeye na wenzake walikuwa wakivaa kama askari wa vita vya kwanza vya dunia na kuigiza mapigano kwenye shamba lake. Watu wazima na akili zao, wanalala kwenye nyasi na bunduki za mbao. Alituonyesha mimi na yule mwanamke picha ya zamani ya askari hao, akatupatia kitambaa cha khaki, kila mmoja ashone makoti na kaptula za watu watano. Atakayepatia, kazi yote ni yake, kila mwaka.

Niliitaka hiyo kazi. Zaidi, sikutaka yeye aipate.

Nilienda mpaka Karen nikawapima wale watano bega, kwapa, paja. Yeye hakwenda. Nilichungulia kwake nikamkuta anakata kwa kufuata vipande vitatu vya katoni, saizi tatu tu: ndogo, kubwa, kubwa zaidi. Nilishuka chini nikanywa chai na mandazi mawili kwa furaha.

Jumamosi tukapeleka nguo Karen, wale watano wakavaa yangu, kisha yake. Yangu hayakuwa na kunyanzi hata moja. Yake mabega yameanguka, kaptula pana kama sketi, mmoja mikono imemfunika vidole. Nilikuwa nimeshaanza kutabasamu.

Yule mzee akayazunguka makoti yangu polepole. "Fundi, hii iko mzuri sana," akasema. "Lakini hawa nakwenda harusi."

Wakacheka wote. Akanipa ile picha tena. Mara ya kwanza nilikuwa nimeangalia mifuko na vifungo tu. Sasa nikaona watu. Askari wa siku zile hakupimwa na mtu, alitupiwa koti kutoka kwenye rundo, limkae lisimkae. Kila mmoja pale alionekana amevaa la mwenzake. Yule mwanamke alikuwa ameliona hilo. Kazi akapewa yeye.

Tukirudi mjini akaniambia, "Mzee, usininunie. Matundu ya vifungo kama yako siyawezi. Njoo tushone pamoja."

"Mimi nishone chini yako?"

"Chini aje? Tutakaa benchi moja."

"Nilianza kushona mama yako hajaolewa."

"Ndio maana hukuiona picha," akasema, akacheka.

Nilikataa. Si kwamba nilikuwa na kazi nyingi. Ni kile cheti, na ni kwamba alisema kweli. Mwezi mzima nilifunga mlango nisisikie mashine yake.

Baadaye watu wa sinema walimpata. Akashona magauni marefu ya wake za wamishonari, makabuti ya machifu, akahamia Spring Valley kwa matajiri, duka lina kioo mbele. Mimi hupita pale. Si njia yangu.

Leo nina nyumba ya mawe huko mjini Kikuyu, vyumba vinne. Nina vyumba sita vya kupangisha Kangemi, ng'ombe wawili wa maziwa, pikapu moja, cherehani tano, tatu za umeme. Vyote nimenunua kwa mikono hii. Kazi ya nguo za zamani sina. Anayo yeye, na bado naitaka.